Dawa ya kulainisha choo: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukifika duka la dawa ukasema choo kimegoma, mara nyingi muuzaji atakukatia vidonge vichache vya bisacodyl, basi. Ni rahisi na vinafanya kazi, lakini kwa mtu mzima ambaye choo kimekuwa kigumu kwa siku kadhaa, hiyo si dawa ya kuanza nayo. Hapa tumezipanga kwa upole wake mwilini, si kwa kasi yake. Majina tumeyaacha kama yalivyochapwa kwenye boksi ili uweze kuyataja kaunta.

Kabla ya kutoa hela, jikague. Tumbo limejaa na linauma sana, unatapika, hata ushuzi hautoki: huenda utumbo umeziba, na dawa ya kuusukuma inaweza kuupasua. Nenda hospitali sasa hivi. Muone daktari pia kama choo kina damu au ni cheusi kama lami, kama unakonda bila sababu, au kama umevuka miaka 50 na choo kimebadilika tu hivi karibuni. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hugeuza choo kuwa cheusi, kwa hiyo mwambie kama unavimeza.) Vidonge hivyohivyo hufunga choo. Codeine, tramadol, morphine na amitriptyline nazo hufanya hivyo. Usiziache kimyakimya, muulize aliyekuandikia.

1. Macrogol. Ni unga wa pakiti. Pakiti moja ya mtu mzima huyeyushwa katika mililita 125 za maji, yaani nusu glasi, na hunywewa pakiti 1 hadi 3 kwa siku. Haifyonzwi kuingia mwilini. Hushika yale maji na kuyafikisha kwenye kinyesi. Subiri siku 1 hadi 3. Gesi ni kidogo kuliko ya lactulose. Ubaya wake ni bei, na kwamba maduka madogo mengi hayana.

2. Lactulose. Kwa wengi wetu hii ndiyo inayopatikana, na ukiikuta usiiache. Ni sharubati nzito, tamu sana. Mtu mzima huanza na mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Tumia kifuniko chenye alama, au vijiko vitatu vya mililita 5, si kijiko cha mezani cha kukisia. Huvuta maji kwenye utumbo mkubwa, na bakteria wa humo huichachusha. Ndiyo maana siku za mwanzo tumbo hunguruma na kujaa gesi.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Dawa hii huchukua saa 24 hadi 48, wakati mwingine siku 3. Mtu haoni kitu kesho yake, anaongeza dozi maradufu au anameza bisacodyl juu yake, kisha zote zinafika pamoja na anaharisha hadi kuishiwa nguvu. Shika kipimo, kunywa maji ya kutosha, ngoja. Mjamzito anaweza kuitumia, lakini aitaje kliniki. Mwenye kisukari apime sukari yake, kwa kuwa sharubati ina sukari kidogo ndani.

3. Isabgol. Haya ni maganda ya mbegu, mazuri kwa anayesumbuliwa mara kwa mara, mabaya kwa aliyekwama tayari. Kijiko kimoja cha chai, glasi nzima ya maji, koroga na unywe papo hapo kabla haijawa uji, kisha glasi nyingine. Ikikosa maji huvimba na kuziba koo au utumbo. Kwa hiyo usiinywe ukienda kulala, na asipewe mtu anayemeza kwa shida.

4. Bisacodyl na sanamaki. Hizi huchokoza misuli ya utumbo isukume. Bisacodyl ya miligramu 5: kidonge 1 au 2 usiku, choo kije baada ya saa 6 hadi 12. Kidonge kimevikwa ganda linalotakiwa kuyeyukia utumboni. Ukikitafuna, ukikivunja, au ukikimeza na maziwa au dawa ya kiungulia, ganda huyeyuka mapema na tumbo hukusokota vibaya. Acha saa moja kati ya kidonge na vitu hivyo. Usivuke siku 5 mfululizo bila daktari. Kuharisha kila siku hupoteza potasiamu, na hilo ni hatari kwa moyo, hasa kwa anayetumia dawa za presha za kukojoza.

Sanamaki ya vidonge, iliyoandikwa senna, ina kipimo. Majani ya sokoni hayana, wala chai nyingi za kupunguza uzito zilizojaa majani hayohayo. Kinachopungua ni maji na kinyesi, mafuta yako palepale.

Choo kikiwa kimefika mlangoni na hakitoki, nunua glycerine ya kuingiza njia ya haja kubwa, gramu 4 kwa mtu mzima. Ilowanishe kwa maji, iingize, lala ubavu. Dakika 15 hadi 30 zinatosha mara nyingi.

Maziwa ya magnesia na chumvi ya haluli ziache kama figo zako zina shida, maana magnesiamu hubaki mwilini. Usizinywe pamoja na antibiotiki za doxycycline au ciprofloxacin, maana huzuia antibiotiki hizo kufyonzwa. Mafuta ya nyonyo hatuyapendekezi kwa mtu yeyote, na kwa mjamzito ni marufuku: yanaweza kuanzisha uchungu.

Mtoto asipewe dozi ya mtu mzima iliyogawanywa kwa kukisia. Mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka wiki 6, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kikitoka laini, naye ananyonya na kuongezeka uzito, hahitaji dawa yoyote.