Kuhamisha umiliki wa bima ya maisha: karani hodari, mwendo wa kobe

Mwezi uliopita nilimhamishia binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, umiliki wa bima yangu ya maisha katika tawi la kampuni moja jijini Nairobi. Nasifu kwanza subira ya karani, aliyenieleza kwamba kumwandika mtu kuwa mnufaika humpa fedha nikishafariki tu, ilhali hati ya uhamisho humkabidhi haki zote tangu sasa, ikiwemo ya kuisitisha bima na kulipwa thamani yake, wala siwezi kuirudisha bila ridhaa yake. Kasoro ni ucheleweshaji: hati halisi niliyoiwasilisha pamoja na taarifa ya maandishi ilikaa wiki 3 kabla uhamisho haujasajiliwa. Fomu nayo, ajabu, ni Kiingereza kitupu. Aliyeweka bima yake rehani benki atahitaji kwanza barua ya kuiachilia.