Programu ya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi: uzoefu wangu

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, Busia upande wa Uganda. Programu tunayotumia sitaitaja jina, maana kuna mahali nitaisema vibaya. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Nyota mbili ni za ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani tunayowasilisha kila mwezi. Kodi ni asilimia 18, na ritani haitakiwi kuvuka tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Zamani mwanzo wa mwezi ulikuwa wa kujumlisha vitabu vya risiti, kurasa nyingine zimegandana kwa rangi ya mafuta. Sasa programu imeunganishwa na EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ulioanza Januari 2021. Ankara ikitoka kaunta, URA wameshaipata. Ritani naimaliza asubuhi moja.

Ila mtu asikudanganye kwamba kazi inapungua. Imehama tu, ikatoka mezani kwangu ikaenda stoo. Chukua misumari. Tunanunua kwa katoni, tunauza kwa kilo, na wapo wanaotaka robo. Fundi aliyetufungia programu aliweka kipimo kimoja, katoni. Kijana wa kaunta akiuza kilo tatu, programu inatoa katoni tatu. Haikuchukua muda stoo ikasoma sifuri, na misumari imejaa hadi mlangoni! Ilibidi tufunge duka tuhesabu mali yote upya, hadi bawaba. Na saruji ikishushwa usiku bila mtunza stoo kuiingiza, asubuhi kaunta haiuzi hata mfuko mmoja, wateja wanakutazama tu.

Bosi anaipenda kwa sababu zake: akiwa Kampala anaona kwenye simu nani anadaiwa na tangu lini. Wale wa "nitalipa Ijumaa" wamepungua kweli.

Pesa za simu ndizo bado zinanitesa. Taarifa ya benki inaingia yenyewe, lakini za simu nalinganisha muamala mmoja mmoja kwa mkono, na huku Busia wengi hulipa kwa simu.

Ukitaka kununua, usiende ofisini kwa muuzaji. Mwite dukani kwako. Mwambie auze robo kilo ya misumari kutoka kwenye katoni, kisha airudishe kama mteja aliyebadili mawazo, nawe uangalie stoo inasomaje. Akianza kukwambia "hilo tutalirekebisha baadaye", usimlipe.