Filta ya baipasi kwenye mashine za Malindi na Lamu: inapolipa na inapokula hela bure

Ekskaveta yenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya lita 30, ikifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka na kumwagwa oili kila saa 250, inamaliza lita 240 kwa mwaka bila kuhesabu ya kujazia. Oili hiyo ikiweza kukaa saa 500 bila kuumiza injini, hesabu inashuka hadi lita 120. Zidisha tofauti hiyo kwa bei unayonunulia lita, kisha kwa idadi ya mashine ulizo nazo kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni au Marereni, ndipo utaona kwa nini filta ya baipasi, yaani filta ya pili inayochuja oili kidogo kidogo pembeni ya filta kuu, inaulizwa sana na wenye mitambo.

Sisi tunaikubali, kwa sharti moja ambalo wauzaji wengi hulipita mbio: saa za ziada hazitolewi na filta, zinatolewa na sampuli ya oili iliyopimwa maabara. Ukifunga filta bila kupima, umenunua mkebe wa bei ghali wa kubebea lita tatu za oili.

Kwanza tuelewane kazi yake. Filta kuu hupitisha oili yote inayosukumwa na pampu, kwa hiyo matundu yake hayawezi kuwa madogo mno. Yangekuwa hivyo, ingeziba na injini ingekosa presha. Nyingi hukamata vizuri chembe za mikroni 25 hadi 40 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Sasa tabaka la oili kati ya beringi na krankishafti, injini ikiwa na mzigo, huwa la mikroni chache tu. Chembe ya mikroni 10 inapenya filta kuu bila kuulizwa, inaingia kwenye nafasi ile na kusaga pande zote mbili. Filta ya baipasi huchota sehemu ndogo ya oili, kama asilimia 5 hadi 10, huichuja taratibu hadi mikroni 2 au 3, kisha huirudisha kwenye sampu. Haigusi njia kuu ya oili. Hata ikiziba kabisa, injini inaendelea kupata oili yake kama kawaida.

Kabla ya kutoa pesa, chungulia ulicho nacho. Injini za Volvo D12 zimetoka kiwandani na filta tatu, mbili kuu na moja ya baipasi. Scania nyingi zina kisafishio cha kuzunguka, kile ambacho oili huzungusha kikombe kwa kasi na uchafu ukaganda ukutani. Cummins nyingi kubwa hutumia filta ya baipasi ya Fleetguard LF777 kando ya filta kuu, na nyingine zina filta moja yenye sehemu mbili ndani. Kosa linaloonekana sana ni fundi kufunga filta ya kawaida ya bei nafuu mahali pa ile ya sehemu mbili kwa kuwa nyuzi za kukazia zinaingia. Nyuzi zinaingia, lakini baipasi imepotea, na mwenye mashine hajui. Ukirudisha filta sahihi huenda huhitaji kununua kitu kingine.

Kwa injini isiyo na baipasi, kuna njia mbili zinazofaa huku pwani. Ya kwanza ni mkebe wenye elementi (kichujio cha ndani) ya karatasi iliyokazwa sana. Hii hukamata chembe ndogo na hunyonya maji kidogo, jambo lenye thamani penye unyevu kama wetu. Ya pili ni kile kisafishio cha kuzunguka. Hakina elementi ya kununua. Unakifungua, unakwangua tope jeusi kwa kijiti cha plastiki, unakiosha na kurudisha. Kwa masizi ni kizuri sana. Lakini kinataka presha ya oili ya kutosha ndipo kizunguke kwa kasi, kwa hiyo injini inayokaa sailensa, yaani ikinguruma bila mzigo, nusu ya siku haikifaidi. Tena oili hutoka ndani yake kwa kuteremka yenyewe, lazima kikae juu ya usawa wa oili ya sampu. Kwa jenereta ya hoteli inayokimbia kasi moja usiku kucha, hicho ndicho tungechagua. Kwa ekskaveta na buldoza, mkebe wa karatasi.

Ukiwa dukani, usishikwe na maandishi "mikroni 1". Neti ya mbu nayo hukamata chembe kadhaa za mikroni 1. Uliza namba ya beta, yaani chembe ngapi zinaingia kwa kila moja inayotoka. Beta 2 ni asilimia 50 tu. Beta 75 ni asilimia 98.7, beta 200 ni asilimia 99.5. Kipimo cha filta za oili ya injini ni ISO 4548-12. Muuzaji asiyeweza kukupa beta na mikroni yake pamoja, muage kwa heshima uendelee na safari.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo vifaa vizuri huharibiwa. Oili ya kuingia huchukuliwa upande wenye presha, kwa kawaida pale penye sensa ya presha, kwa kiungo cha T ili sensa ibaki kazini. Kwenye njia hiyo kuna kiungo chenye kitundu cha kama milimita 1.5. Kitundu hiki ndicho kinacholinda injini yako. Kwa presha ya baa 4 na oili ya moto, kinapitisha takriban lita 2 kwa dakika, na elementi inapunguza zaidi. Hata lita 1 kwa dakika ni lita 60 kwa saa, mara mbili ya sampu yetu ya lita 30. Inatosha kabisa. Fundi akikitoboa hadi milimita 3 "ichuje haraka", eneo linakuwa mara nne, na oili inayokimbia nje ya njia kuu nayo inakaribia mara nne. Mashine ya zamani yenye beringi zilizochoka itawasha taa ya presha ikiwa sailensa, na hapo lawama hupewa pampu.

Usitumie tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za upande wa presha. Uzi mmoja wa tepu ukikatika unakwenda kukaa kwenye kitundu kile, na filta inalala tangu siku ya kwanza bila dalili yoyote kwenye geji. Tumia gundi ya nyuzi inayostahimili oili, na uache nyuzi mbili za mwanzo bila kupaka.

Paipu ya kurudi iwe nene kuliko ya kuingia. Kama ya kuingia ina upana wa ndani wa milimita 8, ya kurudi iwe 12. Irudi kwenye sampu au kifuniko cha juu cha injini, mahali pasipo na presha. Mkebe ufungwe kwenye fremu ya mashine wala si kwenye injini, mbali na tabo (turbo) na ekzosi. Paipu zipite mbali na kila kinachosugua, na zinapovuka ukingo wa chuma zivalishwe mpira. Paipu ya kuingia ikitoboka, pampu inaweza kumwaga sampu nzima chini kwa muda mfupi. Huu ndio msiba mkubwa wa mfumo huu, na karibu kila mara chanzo ni paipu iliyosuguana na bati kwa miezi. Viungo vya shaba vilivyofungwa moja kwa moja kwenye injini inayotetemeka hupasuka shingoni, kwa hiyo tumia paipu inayojipinda mwisho wote wawili.

Jaza mkebe oili kabla ya kuwasha. Washa, iache sailensa, zima, pima dipstiki tena na uongeze, kwani mkebe na elementi hubeba lita 2 hadi 4. Kisha subiri injini ipate moto na uguse mkebe. Baada ya dakika 20 unapaswa kuwa moto sawasawa. Mkebe baridi kwenye injini ya moto maana yake oili haipiti: ama kitundu kimeziba, ama elementi imejaa. Mfundishe opereta kufanya hivi kila Jumatatu asubuhi baada ya mashine kuchemka. Ni kipimo cha bure na hakidanganyi.

Filta haiondoi kila kitu. Dizeli iliyoingia kwenye oili kwa nozeli inayovuja haichujwi, maji ya redieta yenye kemikali hayachujwi, na asidi haichujwi. Asidi hupambanwa na akiba ya dawa za kuiua iliyomo ndani ya oili, inayopimwa kwa namba ya TBN. Oili mpya ya daraja la ubora la CI-4 huwa na kama 10 hadi 12, ya CK-4 kama 8 hadi 10. Ikishuka hadi nusu ya ilivyokuwa mpya, mwaga, hata kama oili imechujwa ikang'aa. Dizeli ya Kenya kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015 imesaidia TBN kudumu, na kila ukibadilisha elementi unaongeza lita kadhaa mpya zinazorudisha akiba kidogo. Sehemu ya umri mrefu wa oili hutokana na hizo lita za kujazia, na ni haki mnunuzi aambiwe.

Wala haizibi mlango wa vumbi. Kama hozi ya ea klina ina ufa, vumbi linaingia kwa silinda kabla halijaingia kwa oili, na ringi zinalika hata ukifunga filta kumi. Tengeneza njia ya hewa kwanza.

Kwenye kusoma majibu ya maabara, pwani ina mitego yake. Karatasi ikisema sodiamu imepanda, wengi hukimbilia kufungua hedi gasketi wakidhani maji ya redieta yameingia. Kwenye shamba la chumvi, sodiamu inaweza kuwa chumvi ya hewani iliyopita ea klina, au iliyoingia fundi alipofungua kifuniko cha oili katikati ya upepo wa kaskazi. Tazama potasiamu na boroni. Zikipanda pamoja na sodiamu, shuku redieta. Sodiamu ikiwa peke yake, kagua ea klina kwanza na uchukue sampuli ya pili.

Mtego mwingine ni vumbi la mawe ya matumbawe. Maabara hutafuta vumbi kwa kuangalia silikoni, na kwa mchanga wa mto Sabaki hilo ni sawa. Lakini jiwe la matumbawe ni kabonati ya kalisi, na oili yenyewe imejaa kalisi ya dawa za kusafishia. Tipa inayobeba mawe inaweza kumeza vumbi jeupe wiki nzima na silikoni isitikisike. Kwa mashine za machimbo, fuata kiwango cha chuma kwenye majibu na hesabu ya chembe kwa kipimo cha ISO 4406. Jiwe hilo ni laini kuliko mchanga, kwa hiyo halikati haraka, lakini linakula.

Sampuli ichukuliwe injini ikiwa moto, katikati ya mtiririko, kwa chupa safi ya maabara. Oili ya kwanza kutoka kwa nati ya sampu ina tope la chini na itakupa majibu ya kutisha yasiyo ya kweli. Andika kwenye chupa saa za oili, saa za mashine, na lita ulizojazia. Pima moja oili ikiwa mpya ili upate msingi, nyingine saa 250, kisha kila saa 50 au 100 zaidi. Usiruke kutoka 250 hadi 500 kwa mkupuo mmoja. Mashine mbili za aina moja zinaweza kutofautiana: moja ikabaki salama hadi 500, nyingine ikakomea 350 kwa sababu ya nozeli moja. Mashine ikiwa bado na dhamana, pata ruhusa ya muuzaji kwa maandishi kabla ya kuongeza saa.

Nani asinunue? Mwenye pikapu au trekta ndogo ya lita 7. Bei ya elementi itameza akiba yote. Mwenye injini inayokunywa oili lita moja kwa siku. Hiyo inajibadilishia oili yenyewe, inachohitaji ni ringi. Na mwenye mashine asiyekuwa tayari kutuma chupa Mombasa au Nairobi. Kuanzia sampu ya lita 20 kwenda juu, injini isiyo na hitilafu, kazi ya saa nyingi, tunasema nunua.

Kwa boti za dizeli za Lamu tunaongeza mambo mawili. Mkebe wa chuma cha kawaida utaota kutu kwa nje, kwenye shingo ya kifuniko, kabla elementi haijachoka, kwa hiyo chagua chuma kisichoshika kutu na bolti za namna hiyohiyo. La pili, elementi ya karatasi inayonyonya maji inaweza kuficha kipoza-oili (oil cooler) kilichotoboka, kwa kuwa maji ya bahari yanaishia kwenye karatasi na dipstiki inabaki safi. Kila unapotoa elementi, kamua kipande chake juu ya bati, lipashe moto polepole, ukivaa miwani. Oili isiyo na maji inatoa moshi kimya. Ikipasukapasuka kama dagaa kwenye kikaango, boti isitoke gatini hadi kipoza-oili kifunguliwe na kujaribiwa kwa presha.