Uzoefu wangu na vali za kanda: fundi alizifunga, kisha akaziziba mdomo

Mama yangu mzazi amelala na sweta mbili na soksi kwa wiki kadhaa kwa sababu ya nyaya mbili nyekundu zilizozungushiwa tepu nyeusi. Bado nina hasira. Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwaambia watu wasizinunue kabisa vali hizi. Hilo nimelifuta, na nitaeleza.

Nyumba yetu inapashwa joto kwa maji ya moto. Tuna boila moja ya kuyapasha na pampu moja ya kuyazungusha, na yanagawanyika kanda tatu: sebuleni, vyumba vya juu, na chumba cha mama kilicho nyuma. Kila kanda ina themostati yake (kidhibiti cha ukutani kinachodai moto chumba kikipoa) na vali yake ya umeme, inayofungua na kufunga njia ya maji. Fundi alikuja, akakata mabomba, akachomelea vali tatu, akavuta nyaya, akawasha. Rejeta zote, yaani vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto na kutoa joto, zikapata moto mbele ya macho yangu. Nikamlipa, nikamshukuru.

Usiku ule ule mama akaniita. Rejeta yake ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaenda kwenye themostati yake, inaonyesha inadai moto. Nikashuka kwenye vali, nikasikia mota yake imezunguka na mkono wake umesogea. Imefunguka. Boila kimya. Asubuhi, kabla sijampigia fundi, rejeta ile ile ikawa ya moto, hugusi mara mbili. Usiku uliofuata baridi tena. Ikawa hivyo kila siku: mchana moto, usiku baridi.

Fundi alirudi baada ya siku nyingi, tena mchana. Akakuta kila kitu kinawaka, akasema kazi iko sawa. Nikamwambia, "Fundi, tatizo ni usiku." Akanijibu themostati ya mama ni mbovu, nikanunua nyingine kutoka kwake. Usiku ule baridi vilevile. Alipokuja mara ya pili akasema sasa transfoma, kile kifaa kinachoshusha umeme kwa ajili ya vali, ni ndogo, haiwezi kubeba vali tatu. Nikamuuliza, kama haiwezi kubeba, mbona mchana zinafunguka zote tatu kwa pamoja? Hakujibu swali. Alinitazama, akasema, "Dada, haya mambo yana wenyewe. Wewe kaa, mwambie mama yako ajifunike vizuri."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

Sijawahi kutamani kumsahau mtu kama nilivyotamani kumsahau yule, na nimeshindwa. Mwanamke wa umri ule, amekulea, anaambiwa kwenye nyumba ya mwanawe ajifunike, na anayemwambia ni mtu aliyelipwa ili asilazimike kujifunika!

Baada ya kuondoka nilizima umeme wa boila kwenye swichi kuu (tafadhali usifungue chochote kabla ya hapo, maana volti 24 za vali hazitishi sana lakini upande wa boila kuna umeme kamili wa nyumba), nikafungua kifuniko cha vali ya mama. Vali za aina hii zina nyaya nne. Mbili za njano zinakwenda kwenye mota. Mbili nyekundu zinatoka kwenye swichi ndogo iliyo ndani ya kichwa. Za njano zilikuwa zimeungwa vizuri. Nyekundu zilikuwa zimekunjwa, zimefungwa tepu, zimesukumwa nyuma. Nikafungua ya vyumba vya juu: vivyo hivyo. Ya sebuleni peke yake ndiyo iliyokuwa na nyekundu zilizofika kwenye boila.

Hapo ndipo kichwa kilinifunguka. Vali ya kanda ina kazi mbili. Themostati inapodai moto, mota inafungua njia ya maji, na kwa vali zangu inachukua kama sekunde 20. Ikishafunguka yote, ile swichi ndogo inabanwa, na ndiyo inayoiambia boila: njia iko wazi, washa moto, zungusha maji. Fundi wangu aliiachia vali ya sebuleni peke yake kusema. Zile nyingine mbili aliziziba mdomo. Mchana sebule inadai moto, boila inawaka kwa ajili ya sebule, na mama anapata mgawo kwa kuwa vali yake iko wazi. Usiku napunguza themostati ya sebuleni kwa kuwa hakuna mtu, vali yake inajifunga, na boila inaamini nyumba nzima imetosheka. Vali ya mama inakesha imefunguka, na maji yamesimama ndani ya bomba yanapoa.

Kwa hiyo vali hazina kosa. Nilikuwa nimezishutumu bure. Hazivuji, hazipigi kelele, mota zake hula umeme kidogo, kama theluthi moja ya ampea kila moja. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe, volti mara ampea, ndiyo VA: tatu kwa pamoja hazifiki hata VA 25, na transfoma yangu ni ya VA 40. Ile habari ya transfoma ndogo ilikuwa ni kutaka kuniuzia tu. Kuna vali za aina nyingine, zinazofunguliwa na nta inayopashwa moto, hizo zina njaa zaidi ya umeme na transfoma kama yangu inaweza kulemewa na tatu. Zangu si hizo, na aliyezifunga alipaswa kujua alichokishika.

Hapo awali niliandika kwamba kwa kazi ya bomba ningemwita tena yule bwana. Viungo vyake ni safi, havijatoa hata tone, na nilitaka kuwa mkweli. Kisha fundi wa pili akaja.

Huyu alimsalimia mama kwanza, akamuuliza yeye: baridi inaanza saa ngapi? Halafu akaniomba nizipunguze themostati zote isipokuwa ya mama, akasubiri, akasikia vali inafunguka na boila haijibu. Dakika tano. Dakika tano, na yule mwingine alikuja mara mbili bila kufanya hivyo. Akazima umeme, akachukua nyekundu za vali zote tatu akaziunganisha sambamba, ili yoyote itakayofunguka iweze kuiamsha boila bila kuisubiri nyingine. Akapima kila swichi kwa multimita vali ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguka. Akanieleza kwamba swichi iliyonata ikiwa imebanwa ina ubaya wake pia: boila na pampu hufanya kazi hata kama hakuna chumba kinachodai moto, na mwenye nyumba hulaumu boila.

Nikamwambia pia kuhusu ule mshindo wa vyumba vya juu. Kila vali ile ilipojifunga, bomba liligonga kama mtu amepiga nyundo ukutani. Yule wa kwanza alisema ni mabomba yanatanuka. Huyu akamulika tochi kwenye mwili wa vali, akanionyesha mshale wa mwelekeo wa maji. Ulikuwa umegeuzwa. Maji yalikuwa yanakuja kutoka upande usio wake, kwa hiyo kizibo kilipokaribia kufunga, maji yenyewe yalikisukuma kikajipiga kwa nguvu. Ikabidi kumwaga maji, kukata, kuchomelea upya, kujaza na kutoa hewa kwenye rejeta zote. Siku nzima ya kazi kwa sababu ya mshale uliochongwa kwenye shaba, unaoonekana kwa macho.

Basi ile sentensi ya kumwita tena kwa bomba naiondoa. Kiungo safi kwenye vali iliyogeuzwa kina faida gani?

Vali nazipa alama zote. Niliwahi kufikiri maelekezo ya nyaya ndani ya boksi yamekosewa. Nimeyasoma tena, mchoro uko wazi, na nyekundu zimeonyeshwa zinakokwenda. Kama chumba chako kinapata moto pale tu chumba kingine kinapodai, usinunue themostati, usinunue transfoma. Mwambie fundi akuonyeshe nyaya za ile swichi zimeishia wapi.

Jana usiku nilikaa chumbani kwa mama, taa ya sebuleni imezimwa, themostati ya huko iko chini. Mota ikazunguka, boila ikawaka. Alivua sweta moja. Ya pili amesema ataivua akiamini.