Kelele ya asubuhi kwenye Toyota RAV4: hawa mafundi wa Shimanzi, Mombasa, ndio walioipata

Kama gari yako ukiiwasha asubuhi inapiga krrrr sekunde moja mbili halafu inanyamaza kama si yeye, na tenshona ya cheni (kile kifaa kinachokaza cheni ya injini) ushabadilisha lakini kelele iko pale pale, basi usinunue spea nyingine yoyote kabla hujafika kwa hawa watu. Ya kulalamikia yapo na nitayataja, ila kwa kazi ya kutafuta shida iko wapi kabla ya kuanza kufungua, mimi nimewakubali kabisa.

Gari ni RAV4 ya 2008, injini 2AZ ile ya 2.4. Gereji niliyoanzia, sitaitaja, walisikiliza tu sauti niliyorekodi kwa simu wakasema hiyo tenshona, wakaweka mpya nikalipa, na kulipokucha krrrr ile ile. Kurudi naambiwa aa sasa itakuwa cheni imevutika, tushushe mbele yote, leta hela. Hakuna aliyepima chochote.

Hapa Shimanzi fundi mkuu ni mzee mmoja, vijana wote wanamwita ami, na siku ya kwanza hata boneti hakufungua. Aliniuliza oili gani iko ndani, filta ya aina gani, kelele inakaa muda gani, ukizima na kuwasha tena gari ikiwa moto inarudi au hairudi. Halafu akaniambia, "Kaka, niachie ilale hapa. Saa hizi ina moto, haitaniambia kitu." Na ni kweli, watu wanafikiri injini baridi ni mambo ya Nairobi au Ulaya, hapa Mombasa hata joto likiwa vipi gari ikilala usiku oili nyingi inateremka kwenye sampu, yaani karai ya oili chini ya injini, na ile presha inayoisukuma tenshona haipo mpaka pampu ijaze tena, kwa hiyo kelele ya asubuhi lazima uisikilize asubuhi, hakuna njia ya mkato.

Walianza na cha bei rahisi. Filta ya oili iliyokuwemo waliitoa wakanionyesha ile valvu ya mpira ya ndani inayozuia oili isirudi chini, imekakamaa, ukiibonyeza haishiki. Wakaweka filta ya kampuni na oili 5W-30 badala ya ile nzito 20W-50 niliyokuwa nimewekewa, maana nzito inachelewa kupanda juu gari ikiwa imelala. Ikalala tena. Kelele ikapungua kidogo lakini ipo. Hapo ndo wakafunga geji ya presha ya oili, na alfajiri kijana mmoja akawasha, ami ameweka ile stesikopu ya mafundi juu ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, mwingine anarekodi video. Waliponitumia kwa WhatsApp unaona kabisa mshale wa geji unapanda mara moja, kwa hiyo pampu ni nzima, na ukisikiliza vizuri kelele haitoki ubavuni inakopita cheni, inatoka juu, upande wa kamshafti ya intake, ile shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa.

Nilipofika wakafungua tapeti kava mbele yangu. Cheni imekaza vizuri, alama za taiming ziko sawa, tenshona mpya haina kosa lolote. Ami akashika kamshafti kwa spana, akaniambia weka kidole kwenye hii gia ya VVT-i, ile ya mbele ya kamshafti inayobadilisha taiming ya valvu kwa presha ya oili, akatikisa. Tik, tik. Nikausikia mchezo wenyewe kwenye kidole. Ile gia ina pini ndani, injini ikizimwa pini inatakiwa iingie kwenye tundu lake na kuifunga gia isicheze mpaka oili ifike, sasa tundu likishaliwa gia inagongagonga ile sekunde ya kwanza, na oili ikishafika inatulia, ndiyo maana mchana husikii kitu. Na hii 2AZ inajulikana kwa shida hiyo, kwa hiyo kumuuzia mtu tenshona bila hata kuigusa hiyo gia kwangu mimi ni kumla tu mtu pesa yake.

Gia iliyotumika kutoka Japan ilikuwepo, bei nafuu, wao wenyewe wakanikataza, wakasema hujui pini yake imeliwa kiasi gani, utarudi hapa hapa. Nikachukua mpya. Bei inauma, sitadanganya. Wakati wa kufunga walifunga cheni kwa waya isije ikadondokea ndani, tenshona wakairudisha na ndoano yake imeshika, halafu wakazungusha krankshafti, shafti kuu ya chini ya injini, kinyume kidogo mpaka ndoano ikaachia na plunja, ile ncha ya tenshona, ikatoka kusukuma reli inayokaza cheni. Hicho kitu wengi wanakiruka, wanawasha tu wakitumai itajiachia. Bolti zote kwa tochi renchi, ile spana inayopima mkazo, hakuna cha kukaza kwa hisia.

Sasa ya kulalamikia. Simu hawapokei, ukitaka kujua gari imefika wapi uende mwenyewe, na barabara ile malori ya mafuta hayaishi, vumbi na foleni. Pa kukaa hakuna, kuna benchi moja na kivuli chake kinahama. Ijumaa ikikaribia saa sita wanafunga kwa swala na kurudi kwao si mapema, kwa hiyo usipange Ijumaa kama una haraka. Gia pia ilichelewa kuja na hakuna aliyenipa habari mpaka nilipouliza mimi, hilo wanafaa walirekebishe kwa sababu mteja anasubiri na hajui kinachoendelea.

Kazi yenyewe lakini, mashaallah. Asubuhi sasa nawasha inashika kimya. Spea za zamani wamenipa zote kwenye mfuko, risiti ipo, malipo M-Pesa. Kupima peke yake ni shilingi 2,500 na ukifanyia kazi kwao wanaitoa kwenye bili. Ukienda peleka gari jioni, waambie mapema kwamba unaiacha ilale, na kama una ile filta ya zamani nenda nayo waikague.