TAHADHARI: Anayeuza "klasi ya gari-nyumba" hapa Nairobi ni mwizi, msimpe hata shilingi

Madereva wenzangu, hasa nyinyi dada zangu wa vani za watalii, someni mpaka mwisho kabla hamjanipigia simu. Kuna kijana anazunguka hapa mjini akijiita ajenti wa leseni. Anauza kitu anachokiita klasi ya gari-nyumba, yaani aina ya leseni ya kuendesha gari lililojengewa nyumba ndani. Klasi hiyo haipo. Amekula shilingi 25,000 zangu, na kazi ya siku 21 imenipita huku naitazama.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima nikishindwa kuliandika. Nina miaka 11 barabarani na D1 yangu, klasi ya vani za abiria, niliipata kwa kuifanyia mtihani. Mimi ndiye huwa nawakanya vijana wa steji wasinunue karatasi. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Kazi yenyewe mnaijua, ni ile ya mzee na mama Wajerumani wa lori la kijani. Kwa ambao hamjaliona, msidhani ni kampavani. Ni MAN kabisa, lori lililojengewa nyumba mgongoni, lina kitanda, jiko, choo na matangi ya maji, na likijaa ni tani 12. Mzee ameliendesha mwenyewe miaka yote, lakini kwao leseni ya C, ya malori, huhuishwa kila baada ya miaka 5 na lazima upimwe macho, na safari hii macho yamekataa. Mama ana B, ya magari madogo, ambayo kwao inaishia tani 3.5. Wakawa wanatafuta mtu wa kuwapeleka Isiolo, Marsabit, mpaka Moyale na kuwarudisha, kwa shilingi 5,000 kwa siku, chakula juu yao. Kaka wa gereji akanitaja.

Niliwaambia ukweli siku ileile ya kwanza, kwamba leseni yangu ni ya gari ndogo na vani, malori sina. Yule mama akanishika mkono akasema watanisubiri wiki mbili niongeze klasi. Wiki mbili tu, na nyumbani hali si nzuri tangu Februari. Nilitoka pale nikiwa na moto miguuni.

Jioni hiyo tangazo likaingia kwenye simu yangu: "Leseni ya gari-nyumba, rasmi, siku 5." Lilikuwa na picha ya gari-nyumba jeupe na nembo ya taifa pembeni. Lililetwa na mtu ninayemheshimu sana, naye pia alidanganywa, kwa hiyo simtaji na naomba msimtaje.

Nikapiga. Jamani, kijana ana adabu! "Shikamoo mama, pole na kazi." Hakuniharakisha. Akaniuliza lori ni la aina gani, lina ekseli ngapi, nina klasi gani na nimeendesha miaka mingapi. Mtu anayeuliza hivyo unaona anaijua kazi. Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo nikilirudia kichwani linasikika kama lina akili. Alisema, "Mama, C ni ya mizigo. Wewe utabeba mizigo? Utabeba kitanda na jiko. D ni ya abiria wanaolipa nauli. Hao wanalipa nauli? Hapana, ni gari lao. Kwa hiyo gari-nyumba haliko C wala D, lina klasi yake." Akasema ni klasi mpya, kwamba bodi ya leseni haina gari la namna hiyo la kufanyia mtihani, na kwamba kwa sasa wenye D1 wanapewa kwa kuangalia uzoefu.

Nilimwamini kwa sababu Wajerumani walikuwa wamenieleza mambo ya klasi zao kwa kilo na kwa miaka, nikajua suala la gari-nyumba lina utata hata huko kwao. Nikasema basi na sisi tumeweka yetu. Mnaonihukumu, jiulizeni kama nanyi msingeshawishika.

Tulikutana Ijumaa saa nne asubuhi, mkahawa wa ghorofani barabara ya Tom Mboya, juu ya maduka ya simu. Alikuwa amekaa meza ya dirishani. Shati jeupe limepigwa pasi, kamba ya bluu shingoni yenye kitambulisho kilichogeuka nyuma mbele, na mimi sikukigeuza. Aliniagizia chai na mandazi mawili, akalipa yeye. Nakumbuka hata alivyopangusa meza kwa kitambaa cha karatasi kabla ya kuweka faili lake, kwamba karatasi za serikali zisilowe. Akafungua faili. Ndani kulikuwa na leseni za chipu kama tano hivi, za watu wengine, akanionyesha moja moja haraka haraka akifunika majina kwa kidole gumba. "Siri za wateja, mama," akasema. Hilo nalo nililihesabu kuwa uaminifu.

Akanisimamisha kwenye ukuta mweupe karibu na ngazi akanipiga picha. Akatoa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, akaniambia niweke kidole gumba cha kulia, halafu cha kushoto, halafu tena cha kulia kwa sababu "kimekataa." Kifaa kile hakikuwa kimeunganishwa na chochote. Hakuna waya, hakuna simu. Niliona, na nikanyamaza, kwa kuwa yule mhudumu alikuwa anatutazama na sikutaka kuonekana mshamba.

Kisha akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Mwanamke akapokea, sauti ya ofisini kabisa, na kwa nyuma mtu alikuwa anagonga muhuri. Tap, tap, tap. Akasema, "Za gari-nyumba zimebaki mbili mwezi huu." Kijana akaniangalia, hakusema neno. Akasubiri tu. Nami nikatoa simu.

Shilingi 14,500. Nikaingiza namba aliyonisomea, na jina lililotokea kabla sijaweka PIN lilikuwa la mwanamke, jina la mtu binafsi. Kidole changu kilisimama. Nakumbuka kilisimama! Nikamuuliza, "Huyu ni nani?" Akajibu bila kupepesa macho, "Mhasibu wetu, mama, mtambo wa malipo uko chini tangu jana." Nikaweka PIN. Nikitoa siku moja katika maisha yangu niirudie, nitairudia ile, pale kwenye jina lile.

Jumatatu akataka 6,000 za "kuingiza klasi kwenye mfumo." Jumatano 4,500 za kadi. Alhamisi boda akaniletea bahasha pale stendi ya Kencom. Kadi inang'aa, picha yangu, jina langu limeandikwa sawasawa, na kwenye klasi zangu kumeongezwa herufi C na M, eti ndiyo klasi ya gari-nyumba. Nilimwonyesha mama yangu akaniombea.

Kilichofuata hamkukijua. Ijumaa ajenti wa bima alikuja kule kambini kuandika jina langu kwenye bima ya lile lori kwa ajili ya safari. Mzee yupo, mama yupo, tumekaa nje chini ya turubai. Ajenti akaichukua kadi, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye chipu. Chipu ikabanduka. Ikabaki kwenye ukucha wake kama stika ya tufaha. Hakuna aliyesema kitu. Kisha akaniomba, kwa upole kweli, nifungue akaunti yangu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye simu yangu mwenyewe tuangalie leseni huko. Nikafungua. B na D1, basi.

Yule mama Mjerumani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulijua?" Nikasema hapana, na nikaona hajui kama aniamini. Nilitembea mpaka barabarani nikilia. Lori limeondoka Jumatatu na dereva wa Thika, mwanaume mwenye C yake halali, na simlaumu hata kidogo.

Nilikwenda Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali pale GPO, posta kuu, nikiwa na ile takataka kwenye bahasha. Dada wa kaunta alinieleza kwa dakika tatu kitu ambacho kingeniokolea 25,000. Sheria haiangalii kama nyuma umejenga jikoni au umebeba saruji. Inaangalia gari na uzito wake. Lori ni lori, liko kwenye klasi za C, liwe na kitanda au mchanga. Ukitaka kuongeza klasi unaomba leseni ya mwanafunzi ya klasi hiyo kupitia eCitizen, unajifunza kwenye shule yenye lori, unapelekwa mtihani, ukifaulu ndipo inaingia. Malipo ya serikali ni kwa paybill (namba ya malipo) 222222, na kadi ya chipu yenyewe ni shilingi 3,050. Hakuna mhasibu. Na kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki kinasema huwezi kuendesha gari la klasi ambayo leseni yako haina, kwa hiyo lile lori lingepata ajali, bima ingekuwa na sababu ya kutugeuzia mgongo, mimi na wale wazee wote.

Na hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Pesa nitatafuta. Lakini huyu kijana alikuwa tayari kuniweka nyuma ya usukani wa tani 12 zenye breki za upepo, mimi ambaye sijawahi kugusa breki za upepo maishani. Sijui kusubiri mita ya upepo ipande kabla ya kuondoka. Sijui kuteremka mlima kwa gia nzito na breki ya injini. Vani ukikanyaga inasimama. Lori ukilikanyagia breki mteremko mzima, zinachemka, zinakufa, na unabaki na usukani tu. Sote tunakumbuka Salgaa, ule mteremko wa ajali za malori, ilivyokuwa. Wazee wawili wamelala nyuma, mimi mbele na C na M ya stika, na watoto wa watu wanavuka barabara na mbuzi wao. Yeye alilijua hilo. Aliniuliza ekseli ngapi! Alijua kabisa ni chuma cha namna gani ananikabidhi, na akaagiza mandazi.

Afungwe. Nimeambiwa kupata pesa kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 3. Miaka 3 ni michache. Kuna na kughushi hati ya serikali, naomba mwendesha mashtaka asikisahau hicho, na yule mwanamke wa muhuri wa tap tap naye aingie kizimbani pamoja naye, na yule mwenye jina la M-Pesa, na aliyetengeneza kadi. Wote wasimame mstari mmoja waseme mbele ya hakimu wameweka wangapi barabarani. Zile leseni tano kwenye faili ni za nani? Wako wapi leo, wanaendesha nini?

Dalili mmeziona kwenye maelezo yangu, sina nguvu ya kuzipanga tena. Jina la mtu kwenye malipo. Siku 5 bila mtihani. Pesa inayoongezeka kila baada ya siku mbili. Kukutana mkahawani. Na ukipewa kadi yoyote, ingia kwenye akaunti yako mwenyewe usiku huohuo. Kama klasi haiko huko, basi haipo popote.

Kuhusu kurudisha pesa, nilituma ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa ya M-Pesa, lakini nilikuwa nimechelewa, zilikuwa zimeshatolewa. Ukigundua mapema tuma saa hiyohiyo, usingoje kuuliza mtu. Namba yake nimeituma 333, namba ya Safaricom ya kuripoti matapeli. OB, namba ya taarifa yangu polisi, ninayo. Na fomu ya leseni ya mwanafunzi ya lori nimeijaza jana, halali safari hii, naanza darasa Jumatatu.

Mkimwona, ni kijana mwembamba, shati jeupe, kamba ya bluu, anapenda meza ya dirishani ghorofani, Tom Mboya au huku chini karibu na Odeon. Msimpige. Nasema tena, msimpige, na msiache mtu apige kelele za mwizi, mnajua mji huu. Akichomwa sitajua zile leseni tano ni za nani. Pigeni 0800 722 203, ni ya DCI, wapelelezi wa polisi, na haina malipo, kisha mnipigie mimi hata kama ni usiku, nije na ile kadi na chipu yake nimeiweka kwenye karatasi ya nailoni.