Stesheneri ya Shangani wanaijali kazi

Nafundisha fizikia hapa Mtwara, na juzi nilipeleka kurasa 14 za mkono kuhusu joto la mashimo meusi (maiti za nyota ambazo hata mwanga hautoki ndani yake) zichapwe kwenye stesheneri moja ndogo kule Shangani. Duka la kwanza, mjini, lilinirudishia fomula ya joto hilo, ya mwanafizikia Stephen Hawking ya 1974, ikiwa na herufi h tupu (namba ya Planck), bila kile kistari chake kinachomaanisha imegawanywa kwa 2π. Kistari kikikosekana, jibu linazidi mara 6.28!

Hapa dada mchapaji aliniuliza, "Mwalimu, hii h ina mkwaju au kalamu imeteleza?" Nilifurahi mno. Tukapitia moja moja: G ya Newton (ya nguvu ya mvutano), kasi ya mwanga, namba ya Boltzmann (inayounganisha joto na nishati), zote ndani ya mstari mmoja. Nikamwonyesha kwamba shimo lenye tungamo sawa na la Jua lina joto la kelvini 0.00000006 tu (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa), na likizidi kunenepa linapoa. Akahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu, mara mbili.

Karatasi nzuri, wino hautoki mkononi. Kubaindi ndiko kunakochelewa, umeme ulikatika nikasubiri hadi magharibi. Wiki ijayo nampelekea sura ya entropia (kipimo cha vurugu) ya mashimo meusi, ile ya mwanafizikia Bekenstein.